Shuka Zapata Jua, Shosho Hapati

Paa la ploti moja mtaani Kimbo saa nne asubuhi limejaa shuka na sare za shule, kamba kwa kamba. Ghorofa mbili chini yake, shosho aliyeletwa kutoka mashambani kulea wajukuu ameketi sebuleni, taa imewashwa mchana, dirisha likitazama ukuta wa jirani. Ndiyo maana dai kwamba sisi wa ikweta hatuwezi kupungukiwa na vitamini D halinishawishi. Ngozi huitengeneza ikipigwa na jua lenyewe, na miale inayohusika haipenyi kioo. Ngozi nyeusi hutaka muda mrefu zaidi, na ya mzee imechoka: utafiti wa Marekani wa 1985 ulionyesha kwamba uwezo huo hushuka chini ya nusu ya ule wa vijana mtu anapokaribia miaka 80. Wamaasai na Wahadzabe wa Tanzania, wanaoshinda nje, walipimwa damu na kukutwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini hiyo kwa lita. Matokeo yalichapishwa 2012. Lakini tafiti za Afrika zilipokusanywa pamoja mwaka 2020, takriban mtu mmoja kati ya watatu alikuwa chini ya nanomoli 50, yaani kwenye upungufu. Jua ni lile lile, makazi ndiyo yamebadilika.

Basi shosho anunuliwe tembe, watasema wengi. Tembe zimejaribiwa. Marekani, watu zaidi ya 25,000 walifuatiliwa, nusu yao wakimeza vitamini D kila siku, na ripoti ya 2022 haikuona mifupa yao ikivunjika mara chache kuliko ya wenzao. Nchini Australia, akina mama wa miaka 70 na zaidi waliopewa dozi moja kubwa kwa mwaka walianguka mara nyingi zaidi, si chache. Ni kweli kwamba wengi wa wale Wamarekani hawakuwa na upungufu, kwa hiyo mzee asiyetoka kitandani apewe dozi ndogo ya kila siku, daktari akijua. Ila kumpima damu kila mzee ni anasa: kipimo hugharimu maelfu, na mpango wa serikali ya Kenya wa Inua Jamii humpa mzee shilingi 2,000 kwa mwezi.

Tunachosahau ni kwamba mambo haya huzunguka. Vitamini ikipungua, misuli ya mapaja hulegea. Mapaja yakilegea, ngazi humshinda mzee. Ngazi ikimshinda, jua halioni tena. Mzee anayejisukuma kwa mikono miwili ili ainuke kwenye sofa hakosi vitamini peke yake, amekosa mwendo. Mazoezi ya miguu na mizani ya mwili hupunguza kuanguka kwa karibu robo, jambo ambalo tembe haikufanya katika majaribio yale makubwa.

Mwenye ploti atajibu kwamba kila futi ni kodi, na kwamba shosho akishuka atakutana na bodaboda na matope. Hilo la bodaboda nakubali. Lakini paa tayari lipo na jua lake ni la bure. Kinachokosekana ni reli ya kushikilia ngazini, ukuta wa usalama ukingoni na kiti cha plastiki kando ya kamba za nguo. Na apande kuanzia saa nne, kivuli chake kikiwa kifupi kuliko yeye, maana jua la saa moja asubuhi tunalolisifu halitengenezi vitamini ya maana. Na kwa wale ambao ngazi imeshawashinda, nyumba za chini, ambazo siku hizi hugeuzwa duka au kinyozi, zibakizwe moja mbili kwa familia zenye wazee, kwa kodi ile ile.