Mashine Iulizwe Kabla ya Kuhukumiwa

Mkulima wa Nyanda za Juu za Kusini hapandi mbegu kwa kuvutiwa na rangi ya mfuko. Huuliza kwanza mbegu hiyo yafaa ardhi ipi. Watafiti wa Uyole, karibu na mji wa Mbeya, wamezalisha mahindi yanayostahimili baridi ya milimani, nayo huchelewa kukomaa. Yakipandwa katika ukavu wa Isimani, mkoani Iringa, mvua yaweza kukatika kabla punje hazijajaa. Kosa si la ardhi wala la mbegu; ni la kutouliza.

Kosa hilohilo hutendeka katika vyumba vya kompyuta. Shule hupata mashine zilizokwisha tumika kwingineko, za umri na aina mbalimbali. Programu mpya ikiwekwa humo huweza kusimama ghafla, ikitangaza kwamba imekuta amri isiyojulikana. Wengi husema kompyuta imekufa, nayo hutupwa stoo. Kumbe haijafa: imeamriwa kutenda jambo ambalo prosesa yake haikuundwa kulitenda.

Dawa imo katika kiini cha mfumo wa uendeshaji, yaani programu kuu isimamayo kati ya mashine na programu nyingine zote. Kiini cha Linux huandika sifa za prosesa katika faili iitwayo /proc/cpuinfo; tena kila programu inapoanza hukabidhiwa orodha fupi ya uwezo wa mashine. Je, programu haiwezi kuiuliza prosesa yenyewe? Prosesa za Intel hukubali kuulizwa, lakini jibu lao peke yake halitoshi. Amri za AVX hutumia rejista pana, na kiini kisipohifadhi yaliyomo kila programu zinapopokezana zamu, hesabu huharibika. Uwezo wa kweli ni ule ambao prosesa inao na kiini kimekubali kuutunza.

Wapo watengenezaji wanaochagua kuziacha nyuma mashine kuukuu. Red Hat Enterprise Linux 10, iliyotolewa mwaka 2025, hudai amri za AVX2, ambazo Intel ilianza kuziweka katika prosesa zake mwaka 2013. Hoja yao ina uzito: amri mpya huharakisha kazi, na kutunza njia mbili ni gharama. Hata hivyo, tangu mwaka 2021 glibc, ambayo ni mkusanyiko wa programu saidizi za Linux, imeweza kuchagua miongoni mwa matoleo kadhaa lile liifaalo mashine iliyopo. Anayetaka kuiharakisha mashine mpya halazimiki kuiua ya zamani.

Kwa hiyo yafaa walimu wa Mbeya na Iringa waanze somo la kompyuta kwa swali. Hata kompyuta yenye Windows yaweza kuwashwa kwa Linux iliyomo katika flashi, na faili ile ikasomwa. Neno lm huonyesha prosesa ya biti 64. Neno avx2 hujieleza. Sifa za kila mashine ziandikwe daftarini kabla ya kuichagulia programu. Nao wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia Mbeya, waandikapo programu zao, hawana budi kukiuliza kiini kabla ya kuamuru.

Taifa lisilotengeneza prosesa halina uwezo wa kuzitupa zilizo hai. Kuuliza si ujinga.