Bei Ikishuka, Tusiseme «Imefika Chini»

Ndugu wachimbaji, na ninyi mama wa nyumba, iko neno moja ambalo linakula feza yetu kila mara bei ya kasiterite inaanguka: «Tungoje kidogo, imeshuka mingi, haiwezi kushuka tena.» Magunia yanabaki depo, deni la unga linapanda, watoto wanarudishwa nyumbani juu ya minervali, na bei inaendelea na safari yake ya chini.

Tukumbuke mwaka wa 2022. Kasiterite inatoa bati, ile étain, na wanunuzi wetu wanaangalia bei ya bati kwenye soko la London, LME. Mwezi wa Machi tani moja ilikaribia dola 50.000. Mwisho wa Juni ilikuwa chini ya 30.000. Wengi waliona imeanguka karibu nusu, wakasema hapa ndipo mwisho. Mwanzo wa Novemba ilikuwa chini ya 18.000. Mwenye kungoja tangu Juni alipoteza karibu theluthi nyingine.

Wenye kufanya biashara ya aksio na madini wako na vipimo vya kusoma mteremko kama huo. Cha kwanza ni wastani, na kinaweza kufanywa kwenye kaye ya mtoto. Andika bei ya siku 10, jumlisha, gawanya kwa 10. Kesho ongeza bei mpya, toa ile ya zamani zaidi, hesabu tena. Wao wanapenda siku 50 ao 200, lakini kazi ni ile ile. Kama bei ya leo iko chini ya wastani, na wastani wenyewe unashuka, mteremko haujaisha.

Cha pili kinaitwa RSI. Mmarekani Welles Wilder alikitoa mwaka wa 1978. Kinatoka 0 mpaka 100, na chini ya 30 wanasema kitu kimeuzwa kupita kiasi. Wengi wanasikia hapo: «nunua, itapanda». Sivyo. Kinaonyesha tu kwamba bei imeshuka kwa nguvu, na inaweza kukaa hapo siku nyingi.

Mtu atanijibu: Januari 2023 bei ilipita tena 30.000, kwa hiyo wenye kungoja walishinda. Walishinda wale wenye chakula cha miezi saba. Mchimbaji si kama mwenye aksio. Mwenye aksio akiuza, hana tena kitu. Mchimbaji akiuza leo, kesho anashuka tena shimoni, na magunia mapya atayauza kwa bei mpya. Akiba yake kubwa iko chini ya udongo, haimwombi kukopa.

Lakini vipimo hivi havioni kila kitu. Septemba 2010 Rais Kabila alisimamisha uchimbaji katika Kivu zote mbili na Maniema, mpaka Machi 2011. Miezi ile bei ya bati ilikuwa inapanda London, ikapita 30.000. Grafiki ilikuwa nzuri, na hapa kwetu hapakuwa mnunuzi wa haki. Barabara, taksi, na teneur ya mchanga wako havionekani kwenye grafiki. Na koltani haina soko la wazi kama lile la bati, bei yake watu wanapatana kati yao.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Bei ikiwa chini ya wastani, tuuze ya kulipa deni, chakula na masomo. Tubakize tu gunia ambalo nyumba inaweza kusahau, na tusikope juu yake. Tungoje bei ipite wastani na ikae juu siku kadhaa, si siku moja.

Na koperative zetu ziandike bei ya London kwenye ubao kila asubuhi, mbele ya watu wote, hata mama watwangaji waione. Leo mnunuzi peke yake njo anaijua, na mwenye kujua peke yake njo anapanga bei.