Antibaiotiki si dawa ya mafua



Mtu akipiga chafya mbili tu, huyo mbio duka la dawa kununua "nusu dozi" ya vidonge vya rangi mbili. Hakuna cheti cha daktari. Muuzaji anakata pakiti kwa mkasi, anatia vidonge kwenye bahasha, basi.

Mafua huletwa na virusi, na antibaiotiki haziui virusi. Zinaua bakteria; nao wanaosalimika huzaliana wakiwa sugu. Alexander Fleming, aliyegundua penisilini mwaka 1928, alionya kuhusu dozi pungufu katika hotuba yake ya Nobel mwaka 1945. Leo vidonge vinauzwa kama karanga!

Wenye maduka wadai cheti, na mgonjwa anywe dawa kama alivyoelekezwa na daktari.

Msomaji, Morogoro