Mtoto Hangoji Hazina

Wapo wanaomlaumu Donogh O'Malley, aliyekuwa Waziri wa Elimu wa Ireland, kwamba alivunja adabu ya serikali. Ni kweli: tarehe 10 Septemba 1966, akihutubia waandishi wa habari mjini Dún Laoghaire, alitangaza elimu ya sekondari bila ada, pasipo idhini ya Baraza la Mawaziri. T. K. Whitaker, Katibu wa Wizara ya Fedha, alimlalamikia Waziri Mkuu Seán Lemass.

Nami nawauliza hao wenye kulaumu: taratibu hizo zilimfaa nini mtoto wa kibarua aliyeishia shule ya msingi kwa kukosa ada? Nimekuwa mwalimu mkuu. Najua mtoto hangoji bajeti. Mwaka ukipita, umri nao umepita. Na kama fedha hazikuwapo, mbona mpango ulianza Septemba 1967, na mabasi ya wanafunzi wa vijijini yakapatikana?

O'Malley alifariki Machi 1968, akiwa na miaka 47. Kama angesubiri kibali cha Hazina, huenda angekufa na faili mkononi. Utaratibu ni kitu chema, lakini unaomwacha mtoto nje ya darasa haustahili heshima hiyo mnayoudaia.