Mwenye Sapu Asijifiche

Kila mwaka treni ya Reli ya Kati na mabasi ya alfajiri huondoka Kigoma yamebeba vijana wetu wanaokwenda kuanza chuo Dodoma, Morogoro na Dar es Salaam. Nyuma wanabaki akina mama wanaoanika dagaa Kibirizi, akina baba wanaokamua mawese, wajomba waliochangia nauli, na majirani wa Ujiji na Mwanga waliowaombea dua. Mwaka ukiisha, matokeo hutoka, na baadhi ya vijana hao hukuta wamefeli. Leo nina neno nao, na nina neno na wazazi wao pia: kufeli mwaka wa kwanza kuna dawa, kuficha ndiko kusikokuwa na dawa.

Tuanze na kufeli kwenyewe. Kijana anafungua matokeo yake kwenye simu. Somo hili lina B, lile lina C, mawili yana D, na chini kabisa ameandikiwa kwamba ana sapu. Mikono inamtetemeka, anazima simu, anajifunika shuka. Laiti angesoma kanuni za chuo chake kabla ya kuizima! Sapu ni mtihani wa marudio, na mara nyingi hufanyika kabla ya mwaka mpya wa masomo kufunguliwa. Katika vyuo vingi, hata ukiufanya vizuri namna gani, alama yako haivuki C. Hiyo ndiyo adhabu yake, na ni adhabu inayobebeka. Ukishindwa hapo, kanuni za chuo zinaweza kukuruhusu kulibeba somo hilo hadi mwaka unaofuata, jambo ambalo wanafunzi huliita kukeri, au kukutaka urudie mwaka. Kudisko, yaani kuondolewa masomoni, huja pale GPA, yaani wastani wa alama, inaposhuka chini ya kiwango au njia nyingine zinapokuwa zimekwisha. Kwa hiyo aliyepata sapu bado ni mwanafunzi. Anayeikimbia sapu ndiye anayejiandikia mwenyewe barua ya kudisko.

Na kwa nini aikimbie? Kwa sababu amedanganya nyumbani. Kutoka Kigoma hadi Dar es Salaam reli ina zaidi ya kilomita 1,200, na umbali huo hurahisisha uongo. Baba anapiga simu: "Mwanangu, mitihani imekwendaje?" Kijana anajibu: "Namshukuru Mungu, baba, imekwenda salama." Tangu dakika hiyo amejifunga kamba. Hawezi tena kuomba pesa ya kula wiki zile za kujiandaa kwa marudio, maana nyumbani wanajua yuko likizo. Akirudia mwaka, hawezi kueleza kwa nini fedha ya Bodi ya Mikopo haikuingia, ingawa utaratibu unajulikana: mwanafunzi anayeendelea hupewa mkopo akiwa amefaulu mitihani ya kumvusha mwaka. Anaanza kukopa kwa marafiki, analala kwa huyu na kwa yule, siku ya sapu inapita. Wahenga walisema, mficha maradhi kifo humuumbua. Siku ya mahafali nyumbani wanauliza watume nani wa kuwawakilisha, naye ni mwaka wa pili sasa anauza vocha Manzese.

Kijana, kabla ya kujiita mjinga, tafuta ulipoangukia. Mjinga hafaulu kidato cha sita. Wengi huanguka kwa mambo yanayotajika. Umesoma shule ya msingi kwa Kiswahili, sekondari mwalimu akakufafanulia Kiingereza kwa Kiswahili, sasa mhadhiri anazungumza Kiingereza saa mbili mbele ya mamia ya wanafunzi na hasubiri mtu anakili. Ulizoea kengele ya bweni na mwalimu wa zamu. Chuoni hakuna anayekuamsha. Kisha kuna bumu: fedha ya chakula na malazi, ambayo tangu mwaka wa masomo 2022/2023 ilipandishwa kuwa Sh 10,000 kwa siku, lakini hutolewa kwa mkupuo. Anayeipokea kama utajiri wa siku moja hununua simu na viatu, kisha huingia kwenye mitihani akiwa na njaa. Mambo hayo yote yanarekebishika, lakini kila moja lina dawa yake, na anayekataa kulitazama jeraha hajui aliweke dawa ipi.

Basi fanya hivi. Chukua kanuni za mitihani uzisome neno kwa neno: tarehe ya sapu, ada kama ipo, kiwango cha GPA. Nenda kwa mhadhiri wa somo, kwa adabu, umuulize alama zilipotelea wapi: kwenye majaribio ya muhula au kwenye mtihani wa mwisho. Muone mlezi wa wanafunzi. Kazi yake ni watu kama wewe. Tafuta mitihani ya miaka iliyopita na wenzako wawili watatu mliofeli somo moja, mfanye maswali kwa kalamu na karatasi, kila mmoja amfundishe mwenzake. Na siku nyingine ukiugua au ukifiwa karibu na mitihani, omba kuahirisha kwa maandishi ukiwa na cheti cha daktari au barua, kuliko kuingia chumbani ukijua hukujiandaa.

Sisi watu wa ziwani tuna mfano mkubwa kuliko wote wa kuzama na kuinuka. Meli ya Liemba, iliyokuwa ikiitwa Graf von Goetzen, Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916, lakini kwanza waliipaka mitambo yake grisi nzito ili isiliwe na maji. Waingereza waliiibua mwaka 1924, na mwaka 1927 ikarudi kubeba abiria. Isingeibuliwa kama pasingejulikana ilipolala, na hata ilipoibuliwa ilidai miaka mitatu ya kazi. Mwambie mzazi wako ulipozama, kisha ukubali kwamba kuinuka ni kazi.

Wazazi wenzangu, sehemu yetu ni kubwa. Najua wapo watakaosema kwamba kumpokea aliyefeli kwa upole ni kumlea katika uvivu. Hofu hiyo ina msingi, na upole usio na hesabu huharibu mtoto kweli. Lakini mtoto anayejua kwamba akisema kweli atatukanwa ukoo mzima, atasema uongo. Mpokee, kisha umtake akuonyeshe matokeo yenyewe, si maneno ya mdomoni. Muulize sapu ni lini, anasoma na nani, atakula nini. Muulize tena baada ya wiki. Na usimlinganishe na mtoto wa jirani.

Hata aliyekwisha kudisko asijizike. Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 1992 na kuanza kufundisha mwaka 1994, kina kituo hapa Kigoma, na mtu husoma huku akifanya kazi. VETA ipo, na fundi umeme mwenye cheti hapungukiwi heshima kwa mtu yeyote. Njia ni nyingi kwa anayeuliza.

Kijana wa Kasulu, wa Kibondo, wa Uvinza, wa Ujiji: kama una sapu na nyumbani hawajui, piga simu leo kabla ya kulala. Sema kweli yote kwa sentensi moja, omba radhi, taja tarehe ya mtihani. Kisha kesho asubuhi uwe mlangoni kwa mhadhiri wako.