Kijani cha bwawa hakipimwi kwa macho

Kiangazi kikikaza Kieni, maji ya mabwawa na silanga za Endarasha na Mweiga hushuka, jua huyapasha joto mchana kutwa, na bwawa lililokuwa safi mwezi uliopita linaweza kugeuka kijani kibichi. Hapo ndipo mkulima anapochota maji ya kunyunyizia kabeji na viazi, ng'ombe wanaponyweshwa, na nyumba ambazo mfereji wa mradi umekauka zinapojaza mitungi. Mazoea yetu ni kuyakagua maji hayo kwa macho na pua, kisha kuyachemsha na kuamini kwamba moto umemaliza kazi. Mazoea hayo hayatoshi tena. Kaunti ya Nyeri inapaswa kuanza kupima vinasaba vya viumbe wadogo walio katika mabwawa yake, kwa mbinu zile zile zinazotumiwa kuchunguza mwani wenye madhara baharini na katika Ziwa Victoria, kwa sababu ni njia ya haraka ya kubaini ni kijani kipi kinaweza kuua na kipi kinachafua tu.

Tuanze na kile kinachoonekana. Utando wa kijani juu ya maji yaliyotulia aghalabu ni sainobakteria, bakteria wanaojitengenezea chakula kwa nguvu za jua kama mimea. Wengi wao hawana madhara. Baadhi hutengeneza maikrosistini, sumu inayoshambulia ini, na wengine hutengeneza sumu za neva. Shirika la Afya Duniani linashauri kwamba maji yanayonywewa kila siku yasizidi maikrogramu 1 ya maikrosistini-LR kwa lita. Kuchemsha hakuivunji sumu hii; moto hupasua seli za bakteria na kuiachilia sumu iliyokuwa imefungiwa ndani. Isitoshe, bakteria wawili wa aina moja, tuseme Microcystis, wanaweza kukaa bega kwa bega chini ya hadubini wakiwa wamefanana kabisa, mmoja akiwa na jeni za kutengeneza sumu na mwingine asiwe nazo. Mtaalamu mwenye jicho kali kuliko wote hawezi kuwatofautisha kwa kuwatazama.

Jeni ndizo zinazowatofautisha, na kuzisoma si miujiza. Lita moja ya maji huchujwa kwenye karatasi yenye vitundu vidogo mno, bakteria wakabaki juu yake, kisha vinasaba vyao vikatolewa na kuwekwa kwenye mashine ya PCR. Mashine hupasha sampuli hadi karibu nyuzi 95 ili nyuzi mbili za kinasaba ziachane, ikaipoza, kisha kimeng'enya kikajenga nakala ya kipande kinachotafutwa pekee, kwa mfano mcyE, mojawapo ya jeni za maikrosistini. Kila mzunguko huzidisha nakala mara mbili, hivyo mizunguko 30 inaweza kutoa nakala zaidi ya bilioni moja kutokana na kipande kimoja. Kama jeni haimo, hakuna kinachoongezeka. Jibu hupatikana kwa saa chache. Kimeng'enya kilichoifanya kazi hii iwezekane kwa wepesi kilitoka kwa bakteria wa chemchemi za maji moto za Yellowstone, Marekani, ndugu wa mbali wa viumbe wanaoishi katika chemchemi zetu za Bogoria.

Faida yake tumeiona hapa hapa Kenya. Kwa miaka mingi, kijani cha Ghuba ya Winam ya Ziwa Victoria, ambako Kisumu huchota sehemu ya maji yake, kilihusishwa zaidi na Microcystis. Utafiti wa vinasaba uliochapishwa mwaka 2025 ulionyesha picha tofauti: palipokuwa na mchipuko mkubwa, aliyetawala alikuwa sainobakteria mwingine, Dolichospermum, huku Microcystis wenye jeni za sumu wakipatikana zaidi kwenye maji yenye tope karibu na midomo ya mito. Watafiti walikuta pia zaidi ya mafungu 300 ya jeni ambayo bidhaa zake bado hazijatambuliwa. Anayesimamia maji ya mji akijua sumu imejikita wapi, anajua achote wapi na afunge wapi. Bila taarifa hiyo, anatibu ziwa zima kwa kubahatisha.

Baharini gharama ya kuchelewa huhesabiwa kwa maiti. Machi 2024, katika Kisiwa Panza, Pemba, watoto 8 na mtu mzima mmoja walifariki baada ya kula nyama ya kasa, na wengine 78 wakalazwa hospitalini. Sumu ya namna hiyo hudhaniwa kuanzia kwenye mwani ambao kasa huula. Hata kwetu bara sumu za maji zimeshaacha alama: mwaka 2003 watafiti waliripoti sumu za sainobakteria katika utando wa chemchemi za Bogoria, wakazihusisha na vifo vya ndege aina ya heroe.

Wapo watakaosema kwamba Endarasha si Kisumu wala Pemba, na kwamba hakuna aliyezikwa kwa sababu ya maji ya silanga. Lakini maikrosistini ikinywewa kidogo kidogo haiangushi mtu papo hapo. Huliumiza ini polepole, na daktari anayempokea mgonjwa hana sababu ya kuulizia rangi ya bwawa. Ng'ombe akifa ghafla kando ya maji, lawama huangukia nyoka au majani mabaya. Mwaka 2020 tembo zaidi ya 300 walikufa Botswana, na serikali ilitangaza baada ya miezi ya uchunguzi kwamba chanzo kilikuwa sumu za sainobakteria. Huko Caruaru, Brazil, mwaka 1996, wagonjwa wa figo zaidi ya 50 walikufa baada ya kusafishwa damu kwa maji yenye maikrosistini kutoka kwenye bwawa. Katika visa vyote viwili, waliohusika walijua baada ya vifo. Kutokuwa na habari za sumu mahali ambapo hakuna anayepima si ushahidi wa usalama.

Pingamizi la pili ni la kisayansi, na lina uzito. Jeni si sumu. Bakteria anaweza kubeba jeni asiitumie, na vinasaba vya bakteria aliyekufa bado huonekana kwenye mashine. Ni kweli, na ndiyo maana kipimo cha vinasaba hakipaswi kuwa neno la mwisho. Kifanye kazi ya chekecheke: mabwawa 20 yapimwe, yale yasiyo na jeni yaachwe, na machache yenye jeni yapelekewe kipimo cha kemia cha kupima sumu yenyewe, ambacho ni ghali zaidi. Kipimo kimoja bila kingine kina upungufu. Vikitumiwa pamoja, kwa mpangilio huo, vinaokoa pesa na muda.

Kuna pia hoja ya wakulima wenye busara: chanzo ni mbolea na udongo unaosombwa, basi tuzuie mmomonyoko badala ya kununua mashine. Naafiki nusu ya kwanza. Fosforasi ya mbolea ya DAP hushikamana na udongo na kuingia bwawani mvua ikinyesha, kwa hiyo matuta na nyasi za kingo za mito ni lazima. Lakini hapa ndipo kujua jina la bakteria kunapolipa. Dolichospermum huweza kuchukua naitrojeni kutoka hewani, Microcystis hawezi. Tukipunguza mbolea ya naitrojeni pekee mahali palipotawaliwa na Dolichospermum, tutakuwa tumejinyima mavuno bila kumwondoa. Huko dawa ni kubana fosforasi. Mkulima anayeombwa abadili mbolea yake ana haki ya kuambiwa ni kwa nini, na jibu hilo liko kwenye vinasaba vya bwawa lake. Athari zake pia haziishii kwake: maji ya mito ya Chania na Gura huingia mto Thagana, yakakusanyika katika bwawa la Masinga, na hatimaye mto Tana huyafikisha Bahari Hindi karibu na Kipini.

Kuhusu gharama, ukweli ni kwamba nchi ilishatumia fedha nyingi. Janga la korona la 2020 liliwalazimu Wakenya kununua mashine za PCR na kufundisha mafundi wa maabara, na kazi ya kutafuta jeni moja kwenye maji haitofautiani sana na ya kutafuta kirusi kwenye pua. Nyeri ina Chuo Kikuu cha Teknolojia cha Dedan Kimathi na Chuo Kikuu cha Karatina, ina kampuni ya maji ya NYEWASCO, na ina ofisi za serikali zinazohusika na rasilimali za maji. Kinachokosekana ni mkataba wa kuziunganisha na bajeti ya kuchota sampuli mara mbili kwa mwezi wakati wa kiangazi. Kazi hiyo ikifanywa na vijana wetu, pia tutaepuka lalamiko la zamani. Mwaka 2004 Shirika la Huduma kwa Wanyamapori lilitangaza kudai sehemu ya faida ya vimeng'enya vilivyotokana na viumbe wa maziwa ya Bonde la Ufa, ambavyo kampuni za kigeni zilikuwa zikivifanyia biashara. Jeni zikisomwa, kuhifadhiwa na kusajiliwa hapa nchini, mgeni atakuja kama mshirika, kwa masharti yaliyoandikwa.

Lipo sharti moja ambalo bila hilo mpango wote utageuka usumbufu. Kumwambia mwananchi kwamba maji yake yana sumu bila kumpa mengine ni kumtisha tu. Kwa hiyo kila tangazo liandamane na lori la maji, au ruhusa ya kuchota kwenye mradi wa jirani, na lisomwe kwenye baraza la chifu kwa lugha inayoeleweka: msinywe, msichemshe mkidhani mmesafisha, wanyama wapelekwe kwingine hadi tarehe fulani. Kifungu cha 43 cha Katiba kinampa kila mtu haki ya maji safi na salama, na usalama ambao haujapimwa ni ahadi isiyo na mdhamini. Wakati wa wananchi kutoa maoni juu ya bajeti ya kaunti, wakazi wa wadi ya Endarasha/Mwiyogo wadai fungu la kupima mabwawa liandikwe kwa jina lake na kwa kiasi chake, na mwaka ukiisha wadai kuonyeshwa matokeo, bwawa kwa bwawa.