Istilahi Asiyoielewa Mgonjwa Haitibu Kidonda

Wanaisimu wengi wamezoea kuijadili istilahi kana kwamba ni suala la kamusi na makongamano tu. Ipo haja ya kulihamisha suala hili hadi wodini, kwani huko istilahi mbovu haiishii kukosolewa na wahakiki. Huweza kumgharimu mtu maisha. Mfano mmoja unatosha: tiba ya vidonda ambayo, kwa tafsiri sisisi, huitwa "tiba ya shinikizo hasi".

Tiba yenyewe si ngumu kuieleza. Sifongo hukatwa kwa kipimo cha kidonda na kutiwa ndani yake. Juu yake hubandikwa utando wa plastiki usiopitisha hewa. Kisha mrija huunganishwa na pampu inayofyonza hewa na majimaji. Aghalabu nguvu ya kufyonza huwa milimita 125 za zebaki chini ya ile ya hewa ya kawaida, na sifongo hubadilishwa kila baada ya saa 48 hadi 72. Uvimbe hupungua, kingo za kidonda huvutwa pamoja na nyama mpya huchochewa kuota. Louis Argenta na Michael Morykwas wa Chuo Kikuu cha Wake Forest, Marekani, waliichapisha mbinu hii mwaka wa 1997. Si muujiza: nyama iliyokufa sharti iondolewe kwanza, na sukari ya mgonjwa wa kisukari sharti idhibitiwe.

Kiswahili hakikukutwa mikono mitupu katika uwanja huu. Lugha hii hutenga jeraha, litokanalo na kisu, ajali au moto, na kidonda, ambacho huweza kukaa na kuchimba. Kikikataa kupona na kuzidi kuenea, huwa donda ndugu. Aidha, ipo tiba kongwe ya kufyonza: kuumika. Wanafunzi wa fasihi huijua chuku kama tamathali ya kutia chumvi; wachache hukumbuka kwamba chuku pia ni pembe anayoitumia mwumishi kuvuta damu mwilini.

Kwa hiyo kishawishi cha kuiita tiba hii mpya "uumikaji" ni kikubwa. Neno ni la kienyeji, lina mizizi na linanyambulika. Hata hivyo, hapa ndipo mwundaji wa istilahi anapopaswa kusita. Katika kuumika, ngozi huchanjwa makusudi na damu ikitoka watu huridhika kuwa kazi imefanyika. Katika tiba ya pampu, mambo ni kinyume: damu nyingi ikionekana mrijani, hiyo ni hatari. Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani ilitoa tahadhari mwaka wa 2009 na tena 2011, ikiripoti jumla ya vifo 12 tangu 2007. Kuvuja damu ndiko kulikotajwa kuwa athari mbaya zaidi, na vifo vingi vilitokea nyumbani au katika makao ya utunzaji wa muda mrefu, yaani mbali na daktari. Anayeutazama mrija saa hizo ni mke, mwana au jirani. Akiambiwa kwamba mgonjwa "anaumikwa", huenda akaiona damu na kushukuru.

"Shinikizo hasi" nalo lina kasoro zake. Kwa msikilizaji wa kawaida, shinikizo ni la damu, na huo ni ugonjwa. Hasi ni kibaya. Mgonjwa aelezwaye kwamba atatiwa shinikizo hasi ana kila sababu ya kukataa. Kutohoa neno la Kiingereza hakufai pia, maana sauti itabadilika ilhali maana itabaki gizani.

Lililo bora ni jina wazi: "tiba ya kufyonza kidonda". Linataja kinachofanyika na mahali kinapofanyika, na kutoka kwake maelezo mengine hufuata kwa urahisi: kinachopaswa kufyonzwa ni majimaji, ikija damu nyingi, pampu izimwe, kidonda kikandamizwe na msaada utafutwe mara moja. Watakaodai kwamba jina hili ni jepesi mno kwa sayansi wakumbuke kuwa vitabu vya fizikia vinaweza kuendelea na istilahi zao. Mgonjwa hahitaji kufaulu mtihani wa fizikia ili atibiwe.

Suala hili si la hisani. Katiba ya Kenya ya 2010 ilikifanya Kiswahili lugha ya taifa na pia lugha rasmi. Sheria ya Afya ya 2017 nayo yamtaka mhudumu amweleze mgonjwa manufaa, hatari na gharama za tiba kwa lugha anayoielewa. Sheria imekwisha kunena. Maneno ndiyo yaliyosalia, na kazi ya maneno ni ya idara za Kiswahili.

Basi tasnifu za istilahi zisiishie kuhesabu mbinu za uundaji. Kila istilahi ya tiba ipelekwe kwanza kwa muuguzi na kwa mgonjwa, waulizwe wameelewa nini, kisha ndipo iingizwe kamusini. Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake.